Buate ya Direksioni mu Shimo la Ndizi

Kamio yetu ilisimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, kule Mususa, mutaa wa Butembo, na kila soda mwenye bunduki aliyepita njiani aliiangalia vile mutu mwenye njaa anaangalia nyama ya mwenzake. Ilikuwa miaka ya vita. Bajukuu bananiuliza ni vita gani, ile ya kwanza ao ya pili. Mimi sikukaa sana mu masomo, na sikuona mahali moja iliisha na ingine ikaanza. Kwetu Butembo basoda balibadilisha tu kofia na majina ya bakubwa babo.

Bwana yangu alikuwa shofere, tena fundi wa kamio yake mwenyewe. Mbele ya vita alipeleka maharagi na viazi Beni, mara ingine mpaka Eringeti, na alirudi na muchele na mawese. Vita ilipofika, basoda balianza kukamata magari. Hawakuomba. Balikuja asubuhi, bakasema ni kazi ya inchi, na gari ilikwenda na shofere wake ndani. Mara mingi hakurudi gari wala mutu. Ndiyo sababu kila mwenye gari alificha kipande. Huyu alitoa bateri, yule alitoa magurudumu. Mais basoda nabo bana akili. Balianza kuja na bateri yabo, na magurudumu waliyotoa kwa jirani.

Bwana yangu akasema kuko kipande kimoja ambacho hakuna mutu anatembea nacho mu mukono, ni buate ya direksioni. Ile ni sanduku ndogo ya chuma, nzito, inakaa chini ya vola. Shofere anazungusha vola huku juu, na mule ndani ya buate nguvu yake inageuka, inatoka kwa mukono mukubwa wa chuma, inasukuma magurudumu kuume ao kushoto. Bila ile, kamio ni nyumba tu. Aliifungua chini ya kamio na mukono wake, akaifunga mu sashe ya plastiki, akaniuliza tuifiche wapi. Nikamuonyesha shimo langu la ndizi.

Mutu wa kwetu anajua lile shimo. Unachimba, unachoma moto ndani mpaka udongo unashika joto, unapanga majani, unaweka ndizi mbichi, unafunika, unangoja ziive, kiisha unakamua kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Basoda balichimba kila mahali mu parsele za batu. Balichimba chini ya vitanda, balichimba hata mu kaburi moja. Shimo la ndizi hawakugusa, juu walijua ukifunua mbele ya wakati, ndizi inaharibika, na wao ndio banywaji wa kwanza. Walipita tu na kuniuliza, "Mama, inaiva lini?" Na mimi nilibadilisha ndizi, mara na mara, na buate ikabaki kule chini.

Tulikaa vile mpaka siku muuza mawese mumoja aliposimamisha kinga yake, baiskeli ya mizigo, mbele ya mulango wetu. Alikuwa ametoka Eringeti, akisukuma ile kinga na mabidoni kwa miguu. Hata maji hakukubali kwanza.

"Mama, nimetumwa na binti yako," akasema. "Tumbo yake imeshuka, kuzaa iko karibu. Miguu imevimba, hawezi fika hata ku kanisa. Bwana yake, balimukamata abebe masanduku ya masasi, hajarudi. Na batu ya kule banafunga mizigo. Banasema vita inatelemuka na ile barabara ya Ituri."

"Yeye mwenyewe anasema nini?"

"Anasema nikuambie usikuje."

Ni mutoto wangu wa kwanza, nilimulea mimi. Tangu udogo, akisema "hapana kuja," ujue amekwisha kulia. Nikamupa yule mutu maji na kipande cha muhogo, nikaenda nyuma ya nyumba. Bwana yangu alikuwa anapasua kuni.

"Toa ile kitu mu shimo," nikamuambia.

Aliniangalia, hakuuliza ni kitu gani. "Hakuna mutu anaenda Eringeti sasa," akasema.

"Ndiyo. Njo maana hatutapata gari ya mutu. Toa yetu."

Tuliitoa mu kitunga, chini ya ndizi, kama banamuke banaotoa ndizi zabo. Bwana yangu akaifungua mu jikoni, akashika ule mukono wa chuma, akajaribu kuuzungusha. Haukusonga. Akajaribu tena na mikono miwili, mishipa ikamutoka ku shingo. Kitu kile kilikuwa kimekufa. Joto la shimo lilikausha ile pete ya mupira inayozuia mafuta, ikawa ngumu kama ganda, na maji ya ndizi yaliingia. Nilisikia harufu yenyewe: buate ya direksioni ilinuka kasikisi.

Jirani yangu alikuwa amesimama ku ukuta wa majani, alisikia yote. Alikuwa mujane, wazazi wake balitoka upande wa Vulamba, kinywa chake hakikuwa na mulango.

"Mu dunia nzima," akasema, "ni ninyi tu munaivisha direksioni. Mukamue, tunywe."

"Kuja usaidie ao nyamaza," nikamujibu. Akaja.

Sasa niseme juu ya vyombo vya bwana yangu, juu bila vile hakuna habari. Alikuwa na sanduku ya mbao, alinunua vyombo kimoja kimoja kwa mupanda-kahawa mumoja, muzungu, aliyekuwa anauza vitu vyake aende kwabo. Kila kile, ndiyo spana, ilikuwa na kitambaa chake chenye mafuta. Jirani alizoea kumuuliza kama mimi pia ananivalisha vizuri vile. Alikuwa mutu mupole, mais alikasirika akiona fundi anapiga bulo, ile bolti, na patasi, ao anashika nati na koleo mpaka inakuwa ya mviringo. "Chuma inakumbuka," alisema. Kwa hiyo hakutaka kupeleka buate mu garaji ya muji, na hata kama angetaka, haikuwezekana: kipande cha kamio kikiingia garaji asubuhi, kabla ya jua kulala basoda banajua ni cha nani. Ilibidi tufanye pale nyumbani, mu jikoni, mulango ukiwa wazi kama siku zote.

Kazi ya kwanza ilikuwa kung'oa ule mukono wa chuma ku mutaimbo wake, ile fimbo ya chuma inayotoka mu buate. Mukono unakaa juu ya meno ya mutaimbo, umebanwa na nati kubwa. Nati ilitoka na kile yake. Mukono ulikataa. Jirani akasema apige nyundo tu. Bwana yangu akatikisa kichwa, akatoa arashe: chuma cha miguu miwili inayokumbatia, na vis kubwa, skrubu yenyewe, katikati. Alikwaruza kwanza alama ndogo ku mukono na ku mutaimbo, ili ajue kurudisha jino mu jino lake. Kiisha akafunga arashe, akakaza vis mpaka kile ikalia.

"Sasa inaomba nyundo kidogo," akasema. "Pembeni, si juu. Itashituka, itatoka."

"Kidogo ni ngapi?"

"Sijui. Inategemea yeye."

Mu ile nyumba ya masomo iliyokuwa juu yetu, ku kilima, kulikuwa kambi ya basoda. Kutoka pale mutu alisikia kuku wetu. Chuma juu ya chuma, kila mutu anajua ni sauti ya nini.  Kiisha jirani akasema, "Muko na sombe?"

Tulikuwa na sombe, majani ya muhogo. Yeye alileta kinu chake, akaita banamuke bengine babili ba upande ule, bakaleta vyabo. Hakuwaeleza; alisema tu leo tunatwanga kwa nguvu, nabo bakaona sura yangu, hawakuuliza. Tukatwanga. Michi ilishuka pamoja, na bwana yangu mule jikoni alipiga nyundo wakati muchi ulipogusa kinu. Mara ya kwanza alichelewa, chuma ikalia peke yake, tiing, na mimi nikageuka kuangalia kilima.

"Papa," jirani akasema bila kugeuka, akitwanga, "hata kucheza ngoma haujui. Angalia mukono yangu. Sasa. Sasa. Sasa."

Akaangalia mukono wake. Sasa, sasa, sasa. Sombe ilikuwa imekuwa uji, tukaongeza majani. Kiisha mule jikoni kitu kikasema pakk, si kwa nguvu, kama mufupa unaorudi mahali pake, na bwana yangu akatoka, jasho imejaa uso, akanionyesha kidole tu. Umetoka.

Kutoka pale ilikwenda haraka. Alifungua kifuniko, akatoa mutaimbo, akavuta ule mufereji wa kuzunguka wenye bile ndani. Bile ni mipira midogo ya chuma. Inakimbia mu ule mufereji, ndiyo inafanya vola iwe nyepesi. Zilikuwa zimeshika kutu, nyekundu. Alizisafisha na petroli, akazisugua na majivu, akanipa mu sahani nizipanguse moja moja na kitambaa. Nilikaa inje, ku mulango wa jikoni, lungo la maharagi ku magoti, sahani kando yangu. Nilipangusa, zikaanza kung'aa.

Sikusikia akiingia. Jirani ndiye alianza kukohoa.

Ni soda mumoja aliyezoea kuja kuuliza kasikisi. Alitoka mbali, upande wa muto mukubwa, na Swahili yake ilikuwa imejaa Lingala. Bunduki ilimukaa ku bega kama jembe. Kabla hajazunguka kona ya nyumba nilimwaga sahani mu lungo, nikachanganya na mukono. Maharagi yalikuwa meusi. Chuma iling'aa. Nikachanganya tena.

"Mama na ngai, mbote," akanisalimia na Lingala yake. "Leo kelele ni mingi. Kuko feti?"

"Kuko bageni kesho."

"Bageni gani banakula sombe yote ile?"

"Wa kwetu," jirani akasema. "Hawana meno. Lazima itwangwe."

Akacheka. Mule jikoni, mu giza nyuma ya mugongo wangu, buate ilikuwa imelala wazi juu ya gunia, na bwana yangu pembeni yake. Sikusikia hata pumuzi yake. Nikafikiri soda atanywa maji, ataenda. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, bunduki katikati ya magoti, na akanyoosha mukono mu lungo langu.

"Mama yangu alinifundisha," akasema. Akaanza kuchambua. Alichambua vizuri, kama mutoto wa kike: kidole kinasukuma, kidole kinatoa jiwe, jiwe linaenda nyuma ya bega. Akatupa moja. Akatupa lingine. Alikuwa anasema juu ya mama yake, ginsi alivyouza maharagi ku bandari, na hakuangalia sana. Mimi niliangalia mukono wake tu. Ulisogea kuelekea upande nilikojua nimezificha.

"Toa mukono," nikasema.

"Mama?"

"Toa mukono mu lungo langu. Huku kwetu mwanaume hatii mukono mu chakula ya mwanamuke mwingine, tena mukono imeshika bunduki. Kama mama yako alikufundisha, alisahau kukufundisha ile."

Michi ilisimama. Banamuke bote balisimama. Aliniangalia, na uso wake ulifungwa, na niliona yeye pia hajui kama anapaswa kukasirika. Sikungoja achague. Nikasimama, nikachukua lungo lote, nikalimwaga mu chungu cha maji kilichokuwa ku moto pale inje, maharagi na mawe na bile na vumbi, yote. Nikafunika.

"Bon," akasema. Akasimama pole pole. Akajipangusa mikono ku suruali, akaitia mu mifuko. "Mama, wewe uko kali kuliko komanda. Nitarudi magaribi kula. Nakuja na benzangu."

"Mukuje."

Akaenda. Jirani akaanza kutwanga tena, peke yake, mu kinu kisichokuwa na kitu.

Tulimwaga kile chungu mu lungo, tukachambua tukiungua vidole. Bwana yangu alipanga bile juu ya kitambaa, mustari kwa mustari, vile anavyojua zinavyokaa mu mufereji. Alipofika mwisho alibaki ameangalia.

"Moja haiko."

Tulitafuta mu chungu. Tulitafuta mu majivu, mu sahani, mu mikunjo ya kikwembe changu. Tulitambaa pale soda alipokuwa anatupa mawe, tukapata mawe. Bamama balitafuta mu majani kama kuku. Hakuna aliyesema kitu ambacho bote tulifikiri: mikono yake, alipoitia mu mifuko, ilikuwa mitupu ao haikuwa mitupu? Mpaka leo sijui. Labda iliruka mu tope. Labda ilikuwa mu mufuko wake, na yeye akipanda kilima anaizungusha mu vidole, anajiuliza bibi huyu anachambua maharagi gani.

"Inaweza kwenda na moja pungufu?" nikauliza.

"Inaweza kwenda. Vola itakuwa lege kidogo, katikati."

"Lege ya kutuua?"

"Kama napita kona na akili, hapana." Akafikiri. "Kesho ningeweza kutafuta ingine kwa…"

"Magaribi anakuja kula," nikasema.

Akarudi mu kazi. Nilimushikia taa, juu mule jikoni kulikuwa giza hata muchana. Alipaka grese mu mufereji, akapandika bile moja moja, grese ikazishika zisianguke. Mahali pa ile pete ya mupira iliyokauka, alisuka uzi wa pamba, akaulowesha mu mafuta, akauzungusha, akaushindilia. Akarudisha mutaimbo, akafunga kifuniko, akakaza vis ndogo ya pembeni kidogo kidogo huku akizungusha na mukono, akisikiliza na vidole, macho amefunga. Mukono wa chuma aliurudisha alama kwa alama. Nilitaka kumuambia afanye haraka. Nilifunga kinywa. Ni yeye alikuwa anajua ile kazi, na ni mutoto wetu sisi wote babili.

Alilala chini ya kamio kuifunga. Sisi tulitoa mawe. Hatukuwasha motere pale. Parsele yetu inaangalia bonde, basi bamama balisukuma, kamio ikatoka polepole kama ng'ombe muzee, ikateremuka yenyewe na njia ile, bila sauti ila mawe chini ya magurudumu. Jirani alitembea kando ya mulango wangu mpaka chini.

"Na maharagi?" akaniuliza. "Basoda bakikuja?"

"Uwape. Yameiva."

"Yananuka petroli."

"Waambie ni mimi nilipika."

Motere ikashika chini ya kilima.

Ile barabara ya Beni niliijua tangu usichana, mais siku ile niliona kila kona kama mara ya kwanza. Bwana yangu alikuwa akizungusha vola, na kwanza hakuna kitu, vola inakwenda bure, kiisha kamio inakumbuka na inageuka. Mu kila muteremuko alianza kugeuza mbele ya kona kufika.  Mahali tope ilikuwa mingi, gurudumu moja lilikwenda ukingoni, niliona vichwa vya migomba chini ya dirisha langu. Akarudisha. 

Ku bariere ya kwanza, pale njia imefungwa, basoda hawakuuliza karatasi. Balipanda nyuma na magunia yabo, balikuwa banaenda Beni. Ile ilitusaidia, juu bariere zingine zilipoona bunduki nyuma zilitufungulia. Balishuka Beni bila kusema asante, na sisi tukaendelea.

Kabla ya Eringeti tuliwakuta batu ba kwanza ku barabara, magodoro ku kichwa, mbuzi na kamba. Walitembea upande ule sisi tulikotoka. Mwanaume mumoja alipiga mukono ku mulango wetu, akauliza kama tuna kichwa.

Binti yangu alikuwa ameketi inje ya nyumba yake, miguu juu ya kitunga. Kila kitu kilikuwa kimefungwa. Nyumba zingine za upande ule zilikuwa tupu.

"Nilisema usikuje," akasema.

"Nilisikia. Panda."

"Mama, bwana yangu akirudi…"

"Akirudi atakuta mulango, atajua. Panda."

Bwana yangu na mimi tulimusukuma juu, yeye akilalamika kwamba tunamukamata kama gunia. Tulipogeuza kamio, batu bengine walikwisha kupanda nyuma. Hatukuchagua. Batoto balipitishwa juu ya mbao kama mikate. Kamio ilijaa mpaka mbao zikalia, na vola, kwa uzito ule, ikawa lege kuliko mbele. Nyuma yetu, mbali, kulisikika muliyo kama mbao zinaanguka. Bwana yangu hakuangalia nyuma. Binti yangu alishika goti langu na kucha zake zote, na kila shimo ya barabara alinibana. Hakulia.

Ku mulango wa Beni basoda walikuwa bamefunga bariere na muti. Hawa hawakuwa wale. Mukubwa wabo alizunguka kamio mara moja, akapiga gurudumu na buti.

"Bote chini. Gari inabaki."

Bwana yangu alishika vola. Hakuiachilia, nikajua anafikiri ile jasho yote, na sanduku yake ya vyombo ambayo ilikuwa chini ya kiti. Nikaweka mukono ku bega yake.

"Shuka," nikamuambia. "Mutoto iko hapa. Shuka."

Akashuka. Soda kijana akaruka mahali pake, akawasha. Kamio ilikuwa imeanza kwenda wakati bwana yangu alipoikimbilia, nikafikiri atafanya wazimu, atauawa pale mbele yetu. Alishika mulango.

"Direksioni iko lege," akamuambia yule kijana. "Unasikia? Anza kugeuza mbele ya kona. Mbele. Usingoje kona."

"Muzee, unanifundisha?"

"Nakuambia."

Ikaenda. Kwa muda tuliiona, ikipepesuka kidogo, kiisha ikapita nyuma ya nyumba. Mama mumoja wa Eringeti akatuonyesha njia ya santé, hospitali ndogo ya basista, haikuwa mbali. Batu balijigawa, kila mutu na mizigo yake. Binti yangu alisimama katikati ya barabara, mukono mumoja mu kiuno, na nikaona uso wake ukibadilika, nikajua uchungu wa kuzaa umeanza.

"Tembea," nikamuambia. "Haraka, tuko karibu."

"Mama, hapana nisukume. Leo hapana nisukume."

Bwana yangu akapita upande wake ule mwingine, akamushika mukono. Tukatembea vile yeye alivyotaka, akisimama, tukisimama, mpaka mulango wa basista.